FYUZI NI MLINZI WA WAYA
Hotuba juu ya kulinda stima katika ndege za kujiundia, iliyosomwa mbele ya mafundi wa stima wa chama



Kamati ya mafunzo imetuomba tuseme juu ya swali ambalo baadhi yenu mmeliuliza zaidi ya mara moja. Mtu akiunda ndege yake mwenyewe, alinde stima yake kwa kitu gani? Atumie fyuzi kama za gari, au breka zenye kitufe cha kubonyeza, au kile kisanduku kipya cha elektroniki kinachofanya kazi ya breka zote kwa pamoja?

Labda mwingine atasema, "Ndege za watu binafsi zatuhusu nini sisi wafanya kazi?" Zatuhusu sana, na sababu yake ni hii. Huko Marekani sheria huruhusu mtu kuunda ndege ndogo kwa ajili ya kujifunza na kujifurahisha, mradi waundaji wenyewe wafanye zaidi ya nusu ya kazi. Chama chao kikubwa, EAA, kilianzishwa mwaka 1953 katika mji wa Milwaukee, na kila mwaka hukutana Oshkosh kwa maelfu. Wengi wao ni waalimu, madaktari, wakulima na mafundi wa mbao. Mtu wa namna hii hujifunza kupiga ribiti na kuunganisha mabawa, lakini akifika kwenye nyaya moyo humpiga. Ndipo hutafuta fundi wa stima. Hata hapa kwetu vijana wamejaribu kuunda ndege kwa injini za gari, na magazeti yameandika habari zao. Basi fundi anayeitwa Jumamosi "kusaidia kidogo" ni mtu kama wewe. Kazi ikiharibika angani, mikono iliyofunga zile nyaya ni yako.

Kwa hiyo leo hatutasema juu ya mabawa wala propela. Twataka kusema juu ya nyaya na walinzi wake tu.

FYUZI HUMLINDA NANI?

Tukianza hapa hatutapotea. Watu wengi hudhani kwamba fyuzi ya redio ipo ili kuilinda redio. Sivyo. Redio ikiungua ndani, imekwisha ungua. Fyuzi hukatika baadaye. Fyuzi ipo ili kuulinda waya unaokwenda kwenye redio.

Fikirini juu ya betri ya volti 12. Waya mwembamba wenye stima ukichubuka na kugusa mwili wa ndege, hiyo ndiyo shoti, na betri yaweza kusukuma mamia ya ampea katika waya ule. Waya huwa mwekundu kama makaa, ganda lake huungua, na nyaya za jirani zilizofungwa pamoja nao huungua pia. Kwenye gari dereva huegesha kando ya barabara akakimbia. Rubani hana kando ya barabara. Moshi humfikia puani ndani ya chumba kidogo, na chini yake ni hewa tupu.

Ndiyo sababu nyaya nzuri za ndege zina ganda la Tefzel linalostahimili joto la digrii 150. Waya wa plastiki ya PVC unaouzwa kwa matumizi ya nyumbani hauna uvumilivu huo, na moshi wake ni sumu ya kuchoma macho na mapafu. Mwenye ndege akikuletea waya wa namna hiyo kwa sababu ni rahisi, mrudishie kwa heshima.

Basi kanuni ya kwanza: ukubwa wa fyuzi hutazama unene wa waya. Idara ya ndege ya Marekani, FAA, ina kitabu cha mafundi kiitwacho AC 43.13-1B, na ndani yake mna jedwali la jambo hili. Kumbukeni kwamba katika hesabu yao namba ikikua waya huwa mwembamba. Waya namba 22 hulindwa kwa ampea 5, ikiwa fyuzi au breka. Namba 20 ni fyuzi ya 5 au breka ya 7.5. Namba 18 ni ampea 10 kwa zote mbili. Namba 14 ni fyuzi ya 15 au breka ya 20. Namba 10 ni fyuzi ya 30 au breka ya 40. Yafaa kila fundi aandike namba hizi ndani ya kifuniko cha sanduku lake la vyombo.

Tufanye hesabu moja pamoja. Taa ya kutulia ya wati 55 kwa volti 12 hula kama ampea 4.6. Fyuzi isibebeshwe mfululizo zaidi ya asilimia 80 hivi ya namba yake. Asilimia 80 ya 5 ni 4, haitoshi. Asilimia 80 ya 7.5 ni 6, yatosha. Kwa hiyo fyuzi ni ya 7.5. Sasa rudini kwenye jedwali: waya namba 20 hauruhusiwi fyuzi zaidi ya 5, basi tunapanda hadi namba 18. Mzigo kwanza, fyuzi pili, waya tatu. Na kama fyuzi yakatika kila taa inapowashwa, sababu yaweza kuwa uzi wa taa ukiwa baridi hula stima mara nyingi kupita kawaida kwa kitambo kidogo. Hapo unaweza kuongeza fyuzi, lakini waya nao lazima uruhusu. Kuongeza fyuzi na kuuacha waya ule ule ni kumfukuza askari na kuuacha mlango wazi.

Kanuni ya pili: mlinzi akae karibu na mahali stima inapotoka. Kile kipande cha shaba kinachogawa stima, yaani basibaa, ndipo pahali pa fyuzi. Ukiiweka fyuzi mwisho wa waya karibu na redio, waya wote uliotangulia hauna mlinzi.

WALINZI WENYEWE

Sasa tuje kwenye aina zake. Tutazitaja nne.

Ya kwanza ni fyuzi bapa, zile za gari ambazo ninyi nyote mwazijua kwa rangi: nyekundu ni 10, bluu ni 15, manjano ni 20, kijani ni 30. Ni nyepesi, ni rahisi, na hupatikana kila duka la vipuri. Shoti ikitokea hukatika upesi kuliko breka ya joto. Kasoro yake ni kwamba ikikatika imekwisha, na kuibadilisha gizani huku ndege ikitikisika ni kazi ngumu.

Ya pili ni breka ya joto yenye kitufe. Ndani yake mna bamba la madini mawili ambalo hupinda likipata moto, na kitufe huruka nje. Rubani hukiona, na kwa breka za kuvuta aweza kukivuta mwenyewe akitaka kuzima chombo. Lakini ni nzito, bei ya breka moja hununua fyuzi nyingi, na kila breka huhitaji nafasi kwenye dashibodi na waya wake. Tena ni mvivu: mzigo ukizidi mara mbili, yaweza kungoja sekunde kadhaa, pengine zaidi ya kumi, kabla ya kuruka. Wala haikuundwa kutumika kama swichi ya kuwasha na kuzima kila siku.

Ya tatu ni kidude kidogo kinachopata joto na kuzuia stima, kisha kikipoa baada ya swichi kuzimwa hurudi kama kilivyokuwa. Hakuna cha kubadilisha. Ila hakikati kabisa. Stima kidogo huendelea kupita, na rubani haoni dalili yo yote kwamba kimefanya kazi, isipokuwa chombo kimenyamaza.

Ya nne ndiyo hii mliyoiuliza, breka za elektroniki. Ni kisanduku kimoja chenye swichi zisizo na kitu kinachosogea, na akili ya kompyuta ndogo inayopima ampea za kila waya. Fundi huweka namba anayotaka: waya huu ukate kwa 5, ule kwa 10. Kikikata, huandika kwenye kioo cha rubani ni waya gani. Chaweza hata kumwambia kwamba taa ya bawa imekufa, kwa sababu kinaona haili stima. Hupunguza nyaya nyingi nyuma ya dashibodi. Kwa kweli ni kitu kizuri.

Lakini ndugu, sikilizeni upande wa pili. Fyuzi 20 ni walinzi 20. Mmoja akifa, 19 wapo kazini. Kisanduku kimoja ni mlinzi mmoja mwenye mikono 20. Waya wake wa ardhini ukilegea, au akili yake ikichanganyikiwa, mikono mingi yaweza kulegea kwa pamoja. Tena swichi za namna hii zikiharibika, mara nyingi hubaki zimefunga, yaani stima hupita bila kukatwa. Kwa hiyo hata mwenye kisanduku lazima aweke kilinda kikubwa kwenye waya unaokilisha kisanduku chenyewe, na lazima baadhi ya vitu visipite ndani yake hata kidogo. Vitu gani? Hilo ndilo swali kuu la leo.

ULIZA KWANZA: HIKI KIKINYAMAZA, NINI HUTOKEA?

Mtu anayeanza kwa kuuliza "ninunue ya aina gani?" ameanzia katikati. Keti na mwenye ndege mezani kabla hajanunua cho chote. Andikeni kila kitu kinachokula stima, na mbele ya kila kitu andikeni jibu la swali moja: hiki kikinyamaza angani usiku huu, nini hutokea?

Jibu la kwanza hutoka kwenye injini. Injini nyingi za Lycoming hutoa moto wa plagi kwa magneto mbili zinazozungushwa na injini yenyewe. Betri ikifa, injini haijui. Rotax 912 ULS nayo hujitengenezea moto wake, na pampu yake ya petroli huendeshwa na injini. Mwenye injini kama hizi akipoteza stima yote mchana, hupoteza redio na taa na baadhi ya saa za dashibodi, kisha hutafuta kiwanja akatua. Huyu aweza kuchagua fyuzi, breka au kisanduku kwa kadiri ya mfuko wake.

Lakini Rotax 912iS, iliyotolewa mwaka 2012, hunyunyiza petroli kwa elektroniki, na pampu zake ni za stima. Waundaji wake walijua maana yake, ndiyo sababu waliipa altaneta mbili na akili za injini katika njia mbili. Na yule kijana mwenye injini ya gari katika ndege, moto wa plagi na petroli vyote ni stima. Kwake fyuzi moja ikikatika pahali pabaya, propela husimama.

Hapo kanuni ni kali: njia mbili za stima, kila moja na mlinzi wake, wala zisikutane pahali po pote ambapo kosa moja laweza kuziua zote. Usiweke moto wa plagi wa kwanza na wa pili katika fyuzi moja. Usiweke pampu zote mbili katika basibaa moja. Usizipitishe zote ndani ya kisanduku kimoja cha elektroniki, hata kama karatasi yake inasifu namna gani.

Jambo la pili ni altaneta. Kirekebishaji chake kikiharibika, volti zaweza kupanda kutoka 14 hadi kupita 16, na betri huanza kuchemka na redio kuungua. Waundaji wengi hufunga kidude kinachoona hatari hiyo na kupiga shoti ya makusudi ili breka ya ampea 5 kwenye waya wa koili ya altaneta iruke. Hapa breka yafaa kuliko fyuzi, maana rubani huiona, na aweza kujaribu kuirudisha mara moja. Ule waya mnene wa altaneta wenyewe una hatari nyingine. Altaneta ya ampea 60 haiwezi kutoa zaidi sana ya 60, lakini betri iliyo upande wa pili yaweza kutoa mamia. Kwa hiyo kilinda chake hukaa upande wa betri, na huwa kikubwa kidogo kuliko altaneta, kama 80, kisije kikakatika bure siku betri imechoka. Waya wa stata kwa kawaida hauna fyuzi kabisa, kwa kuwa hula mamia ya ampea. Mlinzi wake ni swichi kuu ya betri, ufupi wake, na jinsi ulivyofungwa vizuri usichubuke.

KUFIKIWA AU KUTOFIKIWA

Je, fyuzi ziwekwe pahali ambapo rubani aweza kuzifikia? Hapa wakubwa wa kazi hii wana mawazo mawili. Kanuni ya Marekani kwa ndege ndogo za kiwandani, kabla ya mageuzi ya mwaka 2017, ilisema kwamba mlinzi wa kitu cha lazima kwa usalama awe karibu na mkono wa rubani. Kama ni fyuzi, ziwepo za akiba za kila ukubwa, moja au nusu ya idadi yake, iliyo kubwa. Lakini mhandisi Bob Nuckolls wa Kansas, mwenye kitabu The AeroElectric Connection ambacho waundaji wengi hukisoma, amefundisha miaka mingi kwamba kama rubani lazima abadilishe fyuzi angani ili apone, basi ndege ilipangwa vibaya tangu mezani. Kwake fyuzi hukaa mbali na mkono, na kila kitu cha lazima kina mwenzake wa kukisaidia.

Sisi twaona kwamba mawazo haya mawili yana mzizi mmoja: mtu asitegemee mlinzi ambaye hawezi kumrudisha, wala kitu kisicho na badala yake.

Tena kuna mfano mchungu juu ya kurudisha breka. Tarehe 10 Julai 2007, huko Sanford, Florida, ndege ya injini mbili aina ya Cessna 310 iliyoundwa kiwandani ilianguka juu ya nyumba. Walikufa watu 2 waliokuwa ndani na 3 waliokuwa majumbani mwao. Siku moja kabla, rubani mwingine alinusa harufu ya kuungua na rada ya hali ya hewa ikazimika. Akaivuta breka yake, harufu ikaisha, naye akaandika habari hiyo katika karatasi ya ndege. Kesho yake ndege ilirushwa bila kutengenezwa. Baada ya dakika chache angani rubani aliripoti moshi. Wachunguzi waliona kwamba kiini ni uamuzi wa kurusha ndege yenye kasoro iliyojulikana, na kwamba huenda breka ile ilirudishwa.

Ndugu, mlinzi alikuwa amefanya kazi yake. Karatasi ilikuwa imefanya kazi yake. Waliotakiwa kusikia hawakusikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo maana yafundishwa siku hizi kwamba breka iliyoruka angani isirudishwe, ila kama kitu kile ni cha lazima kwa usalama. Na hapo ni mara moja tu, baada ya kungoja kipoe, na kama hakuna moshi wala harufu. Ikiruka tena, iachwe.

HAKI NA WAJIBU WA FUNDI

Sasa tumalizie kwa neno la chama. Ninyi nyote mwalijua lile agizo: "Fyuzi inakatika kila siku, weka kubwa tupate kufanya kazi." Katika karakana tumeona fyuzi imefungwa kwa karatasi ya sigara, na tumeona msumari. Anayetoa agizo haishiki fyuzi ile kwa mkono wake. Ikiungua, ataulizwa fundi.

Basi tunashauri hivi. Mosi, fyuzi ikikatika mara mbili, tafuta sababu kabla ya kutia ya tatu. Pili, usiongeze namba ya fyuzi bila kuupima waya. Tatu, chora mchoro wa nyaya zote, andika unene wa kila waya na namba ya mlinzi wake, na nakala moja ibaki kwako. Nne, kabla ndege haijaruka, zima kila mlinzi mmoja mmoja pale chini, injini ikiwa inanguruma na magurudumu yamefungwa, muone pamoja na mwenye ndege nini kinanyamaza. Mwenye kutaka kisanduku cha elektroniki na akiweke, lakini jaribio hilo alifanye pia kwa kukizima chote. Injini ikizima, kazi haijaisha. Tano, ukiamriwa kufanya lisilo salama, kataa kwa adabu na uandike tarehe na maneno uliyoambiwa. Fundi mmoja akikataa huitwa mkaidi. Mafundi wote wakikataa, hiyo huwa ndiyo desturi ya kazi.

Mwenye swali la namba za waya atuletee mchoro wake tuutazame pamoja kabla hajaanza kukata. Karatasi hii ikitoka, bandikeni nakala moja ukutani karibu na benchi.



Umoja udumu.